Mwili Una Mwenyewe

Ukitaka kubobea katika picha za sanaa za mwili wa binadamu, na makazi yako ni Sumbawanga, anza na tanuru.

Nasema juu ya malungu, matanuru ya kuyeyushia chuma ambayo wazee wa Ufipa waliyajenga kwa udongo wa kichuguu. Mengine bado yamesimama porini, yamepasuka ubavuni, nyasi zimeota mdomoni, lakini hayajaanguka. Ilungu hufikia urefu wa mita 3 hivi. Halikuhitaji mivuo, hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini na moto ukaivuta juu. Kilichotoka humo kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kikasafishwa mpaka kikawa chuma cha kufulia jembe. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, ameyachunguza mabaki haya kwa miaka mingi, na Randi Barndon wa Norway ameandika jambo ambalo mpiga picha asilipite hivi hivi: kwa mafundi wale, tanuru lilikuwa mwili. Lilikuwa bibi harusi. Lilipambwa kabla ya kuwashwa, na mafundi walikaa mbali na wake zao hadi kazi iishe.

Kumbe mwili ulikuwa sanaa Ufipa kabla kamera haijafika. Nenda ukautazame. Fika kabla ya jua. Sisi tuko mbali magharibi mwa nchi lakini saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, kwa hiyo mwezi Juni jua letu linachomoza saa 1 imekwishapita, na linafika utosini karibu saa 7 mchana. Weka kamera kwenye stendi, usiihamishe tena. Piga picha moja kila nusu saa hadi jioni. Ukirudi nyumbani, zipange mfululizo bila rangi. Utaona bega la tanuru likitokeza saa 2, tumbo likijaa saa 3, na kufikia saa 7 umbo lote limelala, umebaki ukuta wa udongo. Mwanga wa ubavuni huchonga, mwanga wa utosini hufuta. Hilo unaweza kulisoma kitabuni kwa dakika moja, lakini ukiliona kwa macho yako kwa siku nzima halikutoki, na litakusaidia kwa kila mgongo utakaosimama mbele ya lenzi yako.

Mmarekani Edward Weston, ambaye picha zake za miili zinasomwa hadi leo, mwaka 1930 alichukua pilipili hoho moja, akaiweka ndani ya faneli ya bati ili mwanga uizunguke, akaipiga. Ukiiangalia picha ile unaona mtu aliyejikunja, mabega na mgongo. Hoho zipo sokoni. Chagua iliyopinda, iweke karibu na dirisha, kaa nayo wiki. Hoho haisikii baridi wala haya, kwa hiyo waweza kuikosea mara mia bila kumuumiza yeyote.

Kwa binadamu huna nafasi ya kukosea mara mia.

Vijana wengi wanaonijia na ndoto hii huanza na swali la lenzi. Mimi huanza na neno. Kenneth Clark, Mwingereza, alitoa kitabu mwaka 1956 akitenganisha mtu aliyevuliwa nguo, mwenye haya zake, na umbo la mwili lililogeuzwa kuwa sanaa. Kiingereza kina maneno mawili kwa mambo hayo mawili. Sisi tuna uchi na utupu, na yote yanabeba fedheha. Utupu ni hali ya kukosa kitu, na tena ni sehemu za siri zenyewe. Gazeti likiandika "picha za utupu", msomaji hangoji maelezo. Mimi hutumia umbo, na ninapozungumza na wachongaji husema kiwiliwili. Nakushauri nawe uchague neno lako mapema, kwa sababu siku moja utamweleza mama mzima unachokitaka, na atakupima kwa neno la kwanza litakalokutoka.

Nenda Mwenge, Dar es Salaam, kwenye vinyago vya Wamakonde. Miili pale haina nguo. Ina matiti, ina matumbo ya mimba, na wazazi wanapita na watoto wao bila kugeuza uso. Wamakonde walikuwa na kinyago cha mwili, yaani tumbo na matiti ya mbao, ambacho mwanamume alijifunga kifuani akicheza kwenye sherehe za jando na unyago. Wazaramo wana mwana hiti, kisanamu cha mti kinachoenea kiganjani, chenye kichwa, kiwiliwili na matiti tu. Kwa nini mti unaruhusiwa na picha inaleta ugomvi? Nimelifikiria hili miaka mingi, na jibu langu ni moja. Mti hauna baba wala mtaa. Picha inamsonta mtu: huyu ni binti wa fulani, wa Kizwite, tulisoma naye. Na hata mwana hiti hakuwa wa kila jicho. Alikabidhiwa mwali akiwa ndani, mikononi mwa watu waliostahili kumwona. Mila zetu hazikuuchukia mwili. Ziliuliza nani anauona, lini, na kwa idhini ya nani.

Kwetu Ufipa kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walikabidhiwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na tangu hapo Ukatoliki umeota mizizi kwenye uwanda huu wote. Kila Jumapili tumekua tukiutazama mwili ulio karibu na kukosa nguo: mbavu zinahesabika, mikono imevutwa, kiuno kimefungwa kitambaa. Hakuna anayeuita uchafu, maana tunajua ni mwili wa nani na kwa nini uko vile. Nakuomba, siku ukiwa kanisani baada ya misa, ukautazame kama fundi pia. Angalia mchongaji alivyokifunga kitambaa kile, mikunjo inavyofuata nyonga kisha inaachia. Angalia kivuli kilivyokaa chini ya mbavu. Mimi nimejifunza kufunika mwili pale kuliko mahali pengine popote.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu ushauri wote unaofuata umetoka humo.

Ilikuwa Februari, msimu wa ntumba, wakati wakulima wetu wanapogeuza nyasi na udongo kuwa matuta ya mviringo ili nyasi zioze ndani na kulirutubisha shamba. Ukisimama juu ya kilima unaona uwanda mzima umejaa mabega ya udongo, na katikati yake migongo ya watu imeinama. Nilitaka kuweka vitu hivyo viwili katika picha moja. Mama mmoja alikuwa akilima, blauzi imemteleza begani, jasho linang'aa. Nilimwomba. Akasema, "Piga tu mwanangu, ila uso wangu usionekane."

Uso haukuonekana. Nilikuwa na mgongo, bega la kushoto, mpini wa jembe na matuta yakififia nyuma. Nikaisafisha kubwa, nikaitundika mbele ya studio katikati ya picha za harusi na kipaimara. Nilijivunia sana.

Wiki ya tatu alikuja, yeye na dada yake. Walisimama nje muda mrefu kabla ya kuingia.

"Mwanangu, uliniambia uso hauonekani."

"Hauonekani, mama."

Akanipa mgongo. Akaishusha khanga vidole viwili tu, pakatokea kovu la moto begani, refu kama kiganja, limekunjamana pembeni kama karatasi iliyopata maji. Kisha akanyoosha mkono ukutani, kwenye picha yangu, penye kovu lile lile.

"Na hili ni la nani?"

Soko zima lilikuwa limekwishamtambua. Wakwe zake walisikia kabla yake. Niliishusha picha palepale, nikampa, nikafuta nakala mbele ya macho yake, na jioni nikamwomba mjomba wangu anisindikize kwenda kumwomba radhi yeye na mume wake. Walitupokea vizuri, wakatupa viti, wakatusikiliza. Lakini nilimwona yule mama akivuta khanga mabegani kila mara nilipoinua macho, na bado naiona mikono yake ikifanya hivyo.

Basi ukiambiwa "uso usionekane", elewa umeombwa kitu kikubwa kuliko uso. Katika mji kama wetu mtu anajulikana kwa kovu, chale, alama ya kuzaliwa, pete, msuko wa nywele, khanga aliyoonekana nayo msibani, hata ukuta ulio nyuma yake. Kabla ya kuonyesha picha yoyote ya mwili, kaa na mwenye mwili mbele ya picha hiyo na umuulize kitu kimoja: jirani yako akiiona hii, atakujua? Mwache akutafutie mwenyewe alama. Ataziona ambazo wewe huzioni.

Ridhaa ziwe tatu, kila moja na saini yake: ridhaa ya kupigwa, ridhaa ya wewe kuzitunza picha, na ridhaa ya kuzionyesha. Ya tatu igawanye tena. Ukutani studio ni tofauti na maonyesho ya Dar es Salaam. Kitabu ni tofauti na mtandao. Andika kwa Kiswahili cha kawaida, aya chache, zisomwe kwa sauti mbele ya shahidi aliyechaguliwa na anayepigwa picha. Weka sentensi inayosema anaweza kubadili mawazo, na wewe utatii. Mlipe muda wake siku ileile, kabla hajaziona picha, ili malipo yasije yakawa kamba ya kumfunga akubali. Kisha, akishaziona, mpe siku 7 azitafakari nyumbani kwake kabla ya kutia saini ya tatu. Wengi watakataa baadhi. Mgongo wangu bora kuliko yote niliyowahi kupiga ulikataliwa hivyo, na sinao tena.

Usimpige mtu aliye chini ya mkono wako. Mwanafunzi wako, kijana unayemfundisha kazi, dada anayekusaidia nyumbani, mtu mwenye deni lako: hao hawawezi kukuambia hapana kwa uhuru, kwa hiyo ndiyo yao haina uzito. Usimguse anayepigwa, ukitaka ageuze bega, geuza la kwako aone. Mwenzake awepo chumbani muda wote, na mlango usifungwe kwa ufunguo. Chini ya miaka 18, jibu ni hapana, hata mzazi akisema ndiyo. Omba kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa, na usione haya kuomba.

Sheria nayo uijue kwa kuisoma, usiijue kwa kuhadithiwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 175, inakataza kutengeneza na kusambaza picha zinazohesabika kuwa chafu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 14, inakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, na adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 7, na hupanda zaidi kwa picha zinazoonekana za kuchochea ashiki. Neno "sanaa" usilitegemee likuokoe mbele ya hakimu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka uwe mwangalifu na chochote kinachomtambulisha mtu, na picha ni ya kwanza katika hivyo. Ndiyo maana nakuambia wazi: hapa nchini, fanya kazi ya umbo lililofunikwa, au sehemu ya mwili ambayo hakuna atakayeionea haya, yaani mikono, shingo, nyayo, mgongo, bega. Usipige kwa siri ukidhani utaonyesha baadaye. Kitu kilichopigwa huvuja.

Huvuja hasa kwenye simu na kwa fundi. Kazi hii usiipige kwa simu. Tumia memori kadi moja isiyoingia shughuli nyingine, hamishia picha kwenye diski ya nje yenye nywila, na diski hiyo ikae nyumbani kwako imefungiwa. Kompyuta ikiharibika, hakikisha haina picha hizo kabla haijatoka mlangoni. Kutuma kwa WhatsApp "nione tu haraka" usikubali kamwe, hata anayeomba akiwa ni mwenye picha mwenyewe. Mwite aje azione.

Tukija kwenye kazi yenyewe, adui wako wa kwanza Ufipa ni baridi. Tuko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni upepo haupumziki. Mtu aliyefunua mabega katika chumba cha bati asubuhi ya Julai atatoka vipele vya baridi kabla hujaweka fokasi, na ngozi itapauka kama imepakwa majivu. Washa jiko la mkaa chumbani saa moja kabla, milango na madirisha yakiwa wazi, kisha litoe nje kabisa kabla mtu hajaingia na kufunga. Usithubutu kulibakisha ndani; gesi ya mkaa isiyoonekana huua, na hakuna picha inayostahili hilo. Andaa chai na blanketi. Piga kwa dakika 10, pumzikeni 10.

Mwambie aje na gauni pana, lisilobana. Mpira wa sketi na kamba za sidiria huacha mistari kwenye ngozi inayochukua nusu saa au zaidi kutoweka, na hiyo mistari macho ya mtazamaji huifuata kabla ya kingine chochote. Mafuta ajipake mwenyewe, kidogo sana, ya nazi au ya mgando, kisha ajifute kwa kitambaa kikavu. Unachokitafuta ni mng'ao unaopita begani kama mstari. Mafuta yakizidi, mstari unakatika kuwa madoa meupe.

Ngozi yetu husema kwa mng'ao. Kwenye ngozi nyeupe mwanga huenea, kwenye nyeusi mng'ao ndio huonekana zaidi, kwa hiyo usiimwagie taa nyingi ukidhani unaisaidia. Tafuta kitu kikubwa chenye mwanga mtulivu, mfano dirisha, kiakisike juu ya ngozi. Mbele ya fremu iliyojaa mgongo mweusi, kamera itadhani kuna giza na itaongeza mwanga mpaka mgongo uwe wa kijivu. Punguza nusu stopu, wakati mwingine stopu nzima, uangalie weusi ukirudi na uhai wake. Kwa miaka mingi maabara za picha duniani zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na mabibi zetu wakatoka kwenye picha wakiwa macho na meno tu. Wewe huna sababu ya kurudia kosa hilo.

Dirisha zuri hapa kwetu ni la kusini. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua linapita kaskazini ya Sumbawanga, hivyo dirisha la kusini linapata mwanga wa anga bila mwale wa moja kwa moja. Novemba hadi Januari jua limehamia upande wa kusini, basi hamia wewe dirisha la kaskazini. Nyuma ya mtu tundika kaniki. Nyingine ishike ubavuni mwake, upande wa kivuli, sentimita 50 hivi kutoka mwilini: utaona ukingo wa mkono unazama, na umbo linakaza. Ukitaka kivuli kilegee, badilisha kaniki kwa shuka jeupe. Kwa vitambaa hivyo viwili na dirisha moja nimefanya karibu kazi yangu yote. Lenzi ya milimita 50 au 85 inatosha. Inayopanua sana humfanya mtu aliye karibu awe na goti kubwa kuliko kichwa.

Hapo nyuma nimesema upige sehemu ya mwili. Kuna watu ambao sehemu peke yake siwezi kuipiga, nao ni ndugu zetu wenye ualbino. Mkoa wetu ni kati ya mikoa iliyoumizwa na mashambulizi dhidi yao. Watu walikatwa viungo kwa imani za kishirikina, katika ardhi ambayo jina la mji wake mkuu, Sumbawanga, husemwa kuwa na maana ya kutupa uchawi. Mpiga picha anayetenga mkono mmoja wa mtu mwenye ualbino ndani ya fremu, hata kwa nia njema, anarudia kwa kamera kile kilichofanywa kwa panga. Mpige mzima, amesimama, kwa namna aliyoichagua, na usiseme anaishi wapi. Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kenya, alimpiga mwanamke mwenye ualbino katika mitaa ya Kibera, mzima, amevaa, ametulia katikati ya dunia inayomshangaa, na mwaka 2016 kazi hiyo ikapata tuzo ya uvumbuzi huko Arles, Ufaransa. Itafute uitazame polepole.

Tazama pia Aida Muluneh wa Ethiopia, aliyeanzisha Addis Foto Fest mwaka 2010. Yeye hupaka miili rangi, nyekundu, buluu, nyeupe, mpaka ngozi inakuwa vazi. Na Thandiwe Muriu wa Kenya, katika mfululizo wake uitwao Camo, humvika mwanamke kitambaa kilekile kilichotundikwa nyuma yake, mwili ukapotea ndani ya kitenge na uso ukabaki unakutazama. Hakuna kati yao aliyehitaji kumvua mtu nguo ili mtazamaji ahisi uzito wa mwili.

Kama baada ya yote haya moyo wako bado uko kwenye mwili usio na kitu kabisa, sitakulaumu. Ni sanaa ya kweli na ina historia ndefu. Lakini inafanyika mahali penye sheria zinazoiruhusu, kumbi zinazoipokea na watu wanaokubali kazi hiyo wakijua kila kitu. Rotimi Fani-Kayode, Mnaijeria aliyefariki mwaka 1989 akiwa na miaka 34 tu, alipiga miili ya wanaume weusi jijini London, na ndani ya picha hizo akaweka imani ya Kiyoruba ya ukoo wake. Hakupaacha kwao nyuma alipopanda ndege. Nawe ukienda, nenda na malungu.

Kwa wanaobaki, njia ni ndefu na italipiwa na kazi nyingine. Picha za pasipoti, harusi, kipaimara na mahafali ndizo zitakazonunua karatasi. Mimi nilijitengea Alhamisi, siku moja tu kwa wiki, na wateja walikuja kuizoea. Chagua jambo moja kwa mwaka mzima: nyayo za wavuvi wa Kasanga, mikono ya wafinyanzi, shingo za akina mama wanaojitwisha ndoo. Mwaka ukiisha, toa picha 12, nyingine zote ziweke kando. Zisafishe kwenye karatasi, kwa sababu mwili ulioonekana kwenye kioo cha simu pekee haujapata ukubwa wake. Waonyeshe kwanza waliopigwa. Pili, mwonyeshe mtu mzima unayemheshimu na ambaye haogopi kukuambia ukweli. Mimi nilimwendea mwalimu mstaafu wa kike, akaondoa picha 4 kati ya 12, na kwa 3 alikuwa na haki. Ndipo uandikie kumbi kama Nafasi Art Space ya Dar es Salaam. Jisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na kazi zako zisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ili siku zikichukuliwa uwe na pa kusimamia.

Miaka miwili baada ya kosa langu, binti mkubwa wa yule mama alikuja studio. Akasema mama anakuita. Nilikwenda nikiwa na hofu. Nilimkuta amekwishapanga kila kitu: kiti kimewekwa karibu na dirisha, dada yake ameshika kaniki, mume wake amekaa sebuleni na mlango uko wazi. Akaniambia anataka picha ya mgongo wake mwenyewe, na kovu lionekane vizuri, kwa sababu alilipata akiwa na miaka 6 akimtoa mdogo wake karibu na moto, na mdogo wake ndiye huyu aliyeshika kaniki. Alikaa. Akaishusha khanga mpaka alipotaka yeye. Nilipiga fremu 9, tukaziangalia pamoja, akachagua 1, nikafuta 8.

Ipo chumbani kwake. Memori kadi alibaki nayo yeye.